Je, wajua? Oili chafu huwezaje kutaja kipande kinacholika ndani ya injini?

Popote vyuma vinaposuguana ndani ya injini huachia vumbi laini mno, na oili hulibeba. Maabara huichoma oili hiyo kwa cheche kali ya umeme. Kila metali ikiungua hutoa mwanga wake wa pekee, na mashine huusoma na kuandika kiasi chake kwa sehemu kwa milioni, yaani miligramu ngapi zimo katika kilo moja ya oili.

Kila metali ina kwao. Chuma hutoka kwenye silinda na krenki, alumini kwenye pistoni, kromi kwenye ringi za pistoni, risasi na bati kwenye beringi za krenki. Sodiamu ikipanda, shuku dawa ya maji ya rejeta inavujia kwenye oili. Shaba ikipanda peke yake kwenye injini mpya, usikimbilie kuifungua: mara nyingi oili inaichomoa kidogo kidogo kutoka kwenye kipoza oili. Silikoni ndiyo inayowachanganya wengi. Ikipanda pamoja na alumini na chuma, ni mchanga. Kagua filta ya hewa na mipira yake, maana kuweka ringi mpya huku vumbi linaendelea kuingia ni kazi bure. Ikipanda peke yake baada ya injini kufunguliwa, huenda ni gundi ya gasketi tu.

Sampuli ichukuliwe injini ikiwa bado ya moto, kabla ya kuongeza oili mpya. Acha oili ya mwanzo imwagike, kwani hubeba takataka za chini, kisha kinga takriban mililita 100 katika chupa safi, kavu. Andika oili imetembea kilomita au saa ngapi. Bila hilo tarakimu hazina maana.

Mashine hii ina upofu wake. Haioni vizuri chembe zinazozidi takriban maikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo beringi inaweza kumeguka vipande huku ripoti ikionyesha oili nzuri. Ndiyo maana filta ya oili nayo hukatwa, karatasi yake ikanyooshwa na kupitishwa sumaku. Vipande vinavyong'aa na kuikataa sumaku ni vya beringi au pistoni.

Masalia yaliyoganda kwenye pistoni yana kipimo chao. Hukwanguliwa, huoshwa kwa kiyeyusho kuondoa oili, hukaushwa, hupimwa uzito, huchomwa kwenye tanuri, kisha hupimwa tena. Kilichopotea ni masizi na oili iliyoungua; kilichobaki ni majivu. Majivu yakiwa haba, hasa kwenye utando wa rangi ya asali, oili ilizidiwa na joto. Yakiwa mengi, meupe, yenye kalsiamu na zinki, hizo ni dawa zilizomo ndani ya oili yenyewe: oili inapita juu ya ringi, au kwenye sili za valvu, na kuungulia kichwani mwa pistoni.