Nani hufanya kazi na nani: kuhesabu jozi kwa SOMMEPROD

Ninasimamia takwimu za wadodosaji 12 mjini Bukavu, ambao kila siku ya kazi hugawanywa katika timu 4 za watu watatu watatu na kutumwa kwenye kaya za komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Mwezi mmoja lilinifikia lalamiko kwamba wadodosaji wawili hupangwa pamoja kila mara, na kwamba majibu wanayoleta yanafanana mno. Lalamiko la namna hiyo halijibiwi kwa kumbukumbu, maana kila mtu hukumbuka siku zilizomuudhi.

Kabla ya kugusa fomula yoyote ya Excel, ambayo kwangu ni ya Kifaransa, nilishika kalamu. Watu 12 hutoa jozi 66, yaani 12 mara 11, gawanya kwa 2. Timu ya watu watatu ina jozi 3, hivyo timu 4 hutoa jozi 12 kwa siku, na siku 22 za kazi hutoa 264. Ukigawanya 264 kwa 66 unapata 4: ratiba iliyosawazishwa kabisa ingewakutanisha kila wawili mara 4 kwa mwezi. Bila kipimo hicho, kusema kwamba fulani na fulani walikuwa pamoja mara 6 hakumwelezi mtu lolote.

Jedwali nililipanga kwa mstari mmoja wa kila timu kwa kila siku: tarehe kwenye safu A, komini kwenye B, na wadodosaji watatu kwenye C, D na E, jumla mistari 88. Pembeni, H2 hadi H13 ziliorodhesha wadodosaji wote kwenda chini, na I1 hadi T1 wale wale kwenda kulia. Wengi hukimbilia NB.SI.ENS, inayohesabu mistari inayotimiza masharti kadhaa, lakini hiyo hutaka ujue kila mtu ameandikwa safu ipi, na watu wawili wanaweza kukaa katika safu tatu kwa namna 6. Ungelazimika kuiandika mara sita na kujumlisha. SOMMEPROD, inayozidisha mstari kwa mstari kisha kujumlisha, haijali nani ametangulia. Katika seli I2 niliandika hivi:

=SOMMEPROD((($C$2:$C$89=$H2)+($D$2:$D$89=$H2)+($E$2:$E$89=$H2))*(($C$2:$C$89=I$1)+($D$2:$D$89=I$1)+($E$2:$E$89=I$1)))

Kila upande wa alama ya kuzidisha huuliza kama mtu yumo katika mstari, na hujibu 1 au 0. Tukizidisha, hubaki 1 pale tu walipo wote wawili. Alama ya dola (hii haibadilishwi sokoni) hushikilia safu H na mstari wa 1 mahali pake unapoiburuta fomula hadi T13. Anayetumia programu ya Kiingereza ataandika SUMPRODUCT, kwani akiliandika jina la Kifaransa kwa mkono, programu yake haitalitambua. Akifungua faili lenyewe, majina hujigeuza.

Kwenye mshazari, mtu anapokutana na nafsi yake, hupatikana idadi ya siku alizofanya kazi. Hapo ndipo ulipo ukaguzi ninaoupenda kuliko yote: kila mstari huchangia 9 katika jedwali zima, hivyo jumla lazima iwe 88 mara 9, yaani 792. Mimi nilipata 777. Jina moja lisilosomeka hupunguza mchango wa mstari wake kutoka 9 hadi 4, kwa hiyo pengo la 15 lilinielekeza kwenye mistari mitatu, na kweli, majina matatu yalikuwa na nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana kwa macho. SUPPRESPACE iliyasafisha. Tangu siku hiyo hatuandiki majina bali namba za wadodosaji.

Wale wawili waliolalamikiwa walikuwa pamoja mara 5. Jozi iliyokuwa pamoja mara 13 haikutajwa na mtu yeyote: wote wawili wanakaa Bagira, na dereva huwapakia pamoja asubuhi.

Mwezi uliofuata, nao wa siku 22, mdodosaji mmoja aliugua siku 11 na nafasi yake ikashikwa na kibarua, ambaye naye lazima apewe namba yake, la sivyo jumla itapungua tena. Kwa mgonjwa, kukutana na mwenzake mara 2 si uchache, kwa kuwa kwa siku 11 ndicho kiwango kinachotarajiwa. Basi nilitengeneza karatasi ya mahudhurio, mstari kwa kila siku na safu 13 za 1 na 0, kisha nikatumia fomula ya kuzidisha majedwali, =PRODUITMAT(TRANSPOSE(B2:N23);B2:N23), ili kupata siku ambazo kila wawili walikuwepo kazini. Katika matoleo ya zamani huna budi kuchagua kwanza seli 13 kwa 13 na kumalizia kwa Ctrl+Maj+Entrée. Usiache seli tupu, kwani moja tu itakuletea kosa la #VALEUR! kila mahali, andika 0.

Nilipogawanya mara walizokutana kwa siku walizokuwepo wote wawili, jozi za mgonjwa zilisogea karibu na 0,18, ambayo ni 2 gawanya kwa 11. Jozi ya Bagira ilibaki juu, kwenye 0,41 mwezi huo, kwa sababu dereva hajabadilisha njia yake.