Kwa Nini 12345678987654321 Husomeka Vilevile Pande Zote Mbili

Walimu wanaokuja kwetu hapa Tabora kwa mafunzo kazini, wengine kutoka Nzega, Urambo na Sikonge, hutuuliza mara kwa mara kuhusu namba 12345678987654321, ambayo husomeka vilevile ukianzia kushoto au kulia, kama lilivyo neno ada. Namba ya aina hii huitwa palindromu. Wapo wanaoamini kwamba imebeba siri fulani, ilhali penseli na karatasi vinatosha kuieleza.

Namba hii ni jibu la 111111111 × 111111111; zidisha kwa njia ya wima uone. Kila mstari unaopata ni zilezile 1 tisa, ila kila mmoja umesogea nafasi moja kushoto kuliko uliotangulia, hivyo safu ya kulia kabisa ina 1 moja tu, inayofuata ina mbili, mpaka safu ya katikati yenye tisa, kisha idadi inashuka tena hadi moja. Hakuna safu inayozidi 9, kwa hiyo hakuna kinachohamia safu ya jirani, na ulinganifu wa safu unaingia katika jibu bila kuguswa. Hiki ndicho kiini cha jambo lote, nami huwasihi walimu wasilipite haraka. Ukitumia 1 kumi badala ya tisa, safu ya katikati inafika 10: unaandika 0, na 1 inahamia kushoto, ambako 9 nayo inakuwa 10. Jibu ni 1234567900987654321, ambalo si palindromu tena. Kikokotoo chenye nafasi kumi za tarakimu hakitakuonyesha haya, kwani namba yetu ina tarakimu 17 nacho kitakadiria tu.

Vigawo vyake navyo vinapendeza. Namba 111111111 ni 111 mara 1001001, zote mbili palindromu. Ya kwanza ni 3 × 37, ya pili ni 3 × 333667, na 3, 37 na 333667 ni namba tasa. Kwa kuwa namba yetu ni kipeo cha pili cha 111111111, ndani yake 3 imezidishwa mara nne, 37 mara mbili na 333667 mara mbili, hivyo katika kuunda kigawo 3 inaweza kutumika mara 0 hadi 4 (njia tano), na 37 na 333667 kila moja mara 0 hadi 2 (njia tatu), nasi tunapata vigawo 5 × 3 × 3, yaani 45. Idadi hiyo ni witiri kwa sababu kila kigawo kina mwenzake ambaye wakizidishwa wanatoa namba yetu, isipokuwa 111111111, ambayo ni mwenza wa nafsi yake.

Palindromu yenye tarakimu za idadi shufwa hugawanyika kwa 11 daima, kwa mfano 4774, ambayo ni 11 × 434, kwa kuwa jumla ya tarakimu za nafasi witiri hulingana na ya zile za nafasi shufwa, na tofauti ya jumla hizo mbili ikiwa 0 namba hugawanyika kwa 11. Kwa namba yetu jumla hizo ni 41 na 40, kwa hiyo ukiigawanya kwa 11 inabaki 1. Ndiyo maana anayetafuta namba tasa miongoni mwa palindromu kubwa huziacha kwanza zote zenye tarakimu za idadi shufwa, akijua kwamba kati yao 11 peke yake ndiyo tasa.