Kosa ndilo linalofundisha mkono

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu kubwa ni kuwarudishia watu mijongeo waliyoipoteza. Nadharia ninayoitegemea kila siku ni moja: ubongo hubashiri kwanza, kisha hujirekebisha.

Hauna budi kubashiri, kwa sababu macho huchelewa. Taarifa ya mahali mkono ulipo huhitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde, au zaidi, kabla haijaweza kusahihisha mwendo, na kwa muda huo mkono wenye kasi umeshafika mbali. Kwa hiyo kila amri inayokwenda kwenye misuli huambatana na makadirio ya matokeo yake. Matokeo yakitofautiana na makadirio, ubongo una kitu cha kujifunza.

Mvalishe mtu miwani ya prizimu inayosogeza picha kulia, kisha arushe vishale kwenye shabaha. Vya mwanzo vitaangukia kulia. Akiendelea kurusha, vitarudi katikati. Mvue miwani na vitaenda kushoto, ingawa anajua fika kwamba hana miwani! Aliyeumia serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, mara nyingi huendelea kukosa kulia, na akivuliwa miwani haendi kushoto.

Humo ndani ya serebelamu, kila seli ya Purkinje, aina ya seli kubwa ya neva, hupokea habari za hali ya mwili kupitia nyuzi nyembamba zaidi ya 100,000, na huzungukwa na uzi mmoja mnene unaotoka kwenye shina la ubongo. Uzi huo unaposhtuka kwa sababu ya kosa, miunganisho ya zile nyuzi nyembamba iliyokuwa ikifanya kazi wakati huohuo hudhoofishwa. James Albus alilipendekeza wazo hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 Masao Ito na wenzake wakaonyesha kwamba udhoofishaji huo hutokea kweli.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Pietro Mazzoni na John Krakauer, la mwaka 2006. Mwendo wa kielekezi cha kwenye skrini, kilichofuata mkono wa mshiriki, ulipindishwa digrii 45, na washiriki wakaambiwa wailenge alama ya jirani ili wafidie upindo huo. Wakapatia mara moja. Lakini walivyoendelea, wakaanza kupotoka taratibu, kinyume kabisa na nia yao. Shabaha ilikuwa inapatikana, ila kielekezi hakikwenda pale mkono ulipolenga, na kwa serebelamu hilo lilikuwa kosa la kusahihishwa.

Ndiyo maana siamini sana tiba ya kumsogezea mgonjwa kiungo chake mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2007 Darcy Reisman, Amy Bastian na wenzao waliwatembeza waliopata kiharusi kwenye mashine yenye mikanda miwili ya kasi tofauti. Kasi zilipopangwa ili kuzidisha kuchechemea kwao, mikanda iliposawazishwa hatua zao zililingana zaidi kuliko awali. Nafuu hiyo haikudumu, kwa hiyo mazoezi hayana budi kurudiwa kwa wiki kadhaa. Nami nikimshika mgonjwa kiunoni, namshika asianguke tu. Hatua namwachia apige mwenyewe, hata ikienda upande.