"Two fish" si kosa, tuache kuikata

Walimu wenzangu wa Kiingereza hapa Kigoma, nomino "fish" inahesabika. Bado yanaonekana madaftari ambamo "two fish" imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa kwamba "fish" haihesabiki, ni kama "water". Hapana! Kutobadilika umbo ni jambo moja, kutohesabika ni jambo jingine kabisa.

Tena sisi ndio tusiopaswa kuchanganya, maana samaki wetu naye habadiliki. Samaki amevuliwa, samaki wamevuliwa: wingi umebebwa na upatanisho. Kiingereza nacho huutwika kitenzi na maneno ya jirani: "this fish is fresh", "these fish are fresh". Mtoto wa Ujiji anaijua kanuni hii kabla hajashika kalamu. Anzieni hapo.

Utata unaletwa na kitoweo. "Fish" ya chakula kweli haihesabiki: "how much fish", "a piece of fish", "two kilos of fish". Ya mnyama inahesabika: "how many fish". Mgebuka mzima sahanini ni "a fish". Minofu yake ni "fish" tu, bila "a". Basi "I ate a fish" na "I ate fish" zote ni sahihi, ila ya kwanza inahesabu samaki mmoja, ya pili inataja mboga uliyolia. Gumu ni "some fish". Mgeni akisema "I want some fish" mwaloni Kibirizi, sarufi peke yake haikwambii kama anataka samaki kadhaa au kipande, kwa sababu "some" huenda kote kuwili. Msubiri kitenzi: "some fish is left", kitoweo kimebaki, "some fish are left", samaki kadhaa wamebaki.

"Fishes" nayo ipo. Siku hizi hutumika zaidi kwa spishi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni hasa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mwanabiolojia akisema "two fishes" anahesabu hizo, hata ndoo ikiwa imejaa. Lakini mpaka huo haujanyooka kama vitabu vya kiada vinavyouchora. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina mikate mitano na "two fishes", na pale wanahesabiwa samaki, si spishi. Kwa hiyo sioni haki ya kuipa sifuri "two fishes". Andika pembeni kwamba "two fish" ndiyo ya kawaida leo, uendelee kusahihisha.

Na orodha ya nomino zinazohesabika na zisizohesabika iliyobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu irekebishwe: "fish" ikae na "sheep" na "deer". "Water" na "sugar" zibaki kwao.