Kitoroli kisichojaa hakipotezi kitu

"Vitoroli vyetu vinatumika asilimia 80, kwa hiyo asilimia 20 tunaipoteza." Nimechoka kuisikia hii viwandani, hasa ikisemwa na mtu mwenye kikokotoo mkononi. Nadharia ya foleni inaonyesha kwa nini si kweli.

Nadharia hiyo ni hesabu ya wanaongoja na wanaohudumia, basi. Ilianzia kwenye simu: mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliipigia hesabu foleni ya simu za Copenhagen mwaka 1909. Kiwandani mizigo ndiyo wateja, vitoroli vinavyojiendesha ndio wahudumu.

Sasa wenzetu hufanya hivi: safari moja, pamoja na kurudi tupu (hilo la kurudi tupu wengi hulisahau), ni dakika 3. Saa ina dakika 60. Gawanya: uwezo ni mizigo 20 kwa saa.

Hapana. Hiyo 20 ni dari. Chukua modeli nyepesi kuliko zote: kitoroli kimoja, mizigo inayokuja bila mpangilio, safari zenye urefu usiotabirika. Ikija mizigo 10 kwa saa, kila mzigo hungoja wastani wa dakika 3 kabla ya kuchukuliwa. Ikija 16, dakika 12. Ikija 18, dakika 27. Ikija 19, dakika 57! Umeongeza mzigo mmoja tu na kungoja kumezidi mara mbili. Ukiikazania 20 yenyewe, foleni inarefuka bila kikomo.

Lakini kwa wastani uwezo si unatosha? Unatosha, ila muda hauwekwi akiba kabatini. Kitoroli kikikaa bure dakika 5 asubuhi, dakika hizo hazitarudi mizigo mitatu itakapofika kwa mpigo saa nne. Mwanahisabati Mwingereza John Kingman alionyesha mwaka 1961 kwamba mfumo ukikaribia kujaa, kungoja hutegemea sana jinsi ujio na huduma vinavyoyumba. Zifanye safari zote ziwe dakika 3 kamili, na zile dakika 27 zinashuka hadi 13 na nusu, bila kununua kitoroli hata kimoja.

Na kununua kuna mipaka yake. Kwenye viwanda vya chipu za kompyuta, visanduku vya sahani 25 za silikoni, kila moja kipenyo cha milimita 300, husafirishwa na vitoroli vinavyoning'inia kwenye reli za darini. Reli ni ileile: ukizidisha vitoroli vinaanza kuzuiana, na mizigo inayofika kwa saa huacha kupanda, pengine hushuka. Hapo fomula ya mhudumu mmoja haifui dafu. Unahitaji modeli ya mtandao wa foleni (foleni nyingi zinazolishana) au uigaji wa kompyuta.

Kwa hiyo, ndugu, sema hivi: "Uwezo wetu ni mizigo 16 kwa saa, tukikubali kungoja wastani wa dakika 12." Dakika hizo zikiwa nyingi mno kwa mashine inayosubiri mzigo, uwezo wako uko chini ya 16. Na ile asilimia 20 haijapotea; ndiyo inayoizuia foleni isifike dakika 57.