Kiingereza Hakijanyooka? Njoo Darasani Hivyohivyo

Juzi mama mmoja mwenyeji wa Tanga alimleta binti yake ofisini kwangu. "Mwalimu, huyu Kiingereza chake bado hakijanyooka. Asome lugha kwanza miaka miwili, fasihi itafuata." Binti mwenyewe amemaliza sekondari hapahapa California, kwa alama nzuri. Maneno hayo huyasikia kila muhula katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) ninakofundisha, na sasa yamenichosha.

Fasihi ya Kiingereza si tuzo ya aliyekimaliza Kiingereza. Hatupimi lafudhi. Tunataka kujua kama umesoma kwa makini, una hoja, na unaitetea kwa maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Kosa la sarufi hurekebishwa kwa kalamu, lakini insha isiyo na hoja haina cha kurekebishwa. Anayesoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu husita kwenye neno, akajiuliza kwa nini mwandishi kachagua hili na kuliacha lile. Uhakiki huanzia hapo, na mzawa anayesoma mbio hupapita bila kupaona.

Tena Mswahili haji mikono mitupu. Aliyehesabu mizani, yaani silabi, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 za utao (nusu ya pili) ataogopa nini katika soneti, shairi la mistari 14? Jambo jipya kwake ni kwamba mstari wa Kiingereza hupimwa pia kwa mkazo wa silabi, si idadi peke yake. Tashbihi, sitiari na tashihisi anazijua tayari. Atajifunza majina yake mapya tu.

Na sheria iko upande wake. Tangu ile iliyopitishwa mwaka 2017, vyuo vya jamii vya California vinatakiwa kuangalia alama za sekondari vinapompangia mwanafunzi darasa la Kiingereza, badala ya kumrundika kwenye madarasa ya maandalizi.

Ushauri wangu ni uleule kila mwaka: soma kwa sauti, kalamu mkononi. Raundi ya kwanza funga kamusi. Ukimaliza, andika sentensi moja: nini kimekushtua, na kiko mstari gani. Insha yako itaota kutoka hapo.

Wapo wanaosema chuo cha jamii ni cha walioshindwa. Mshairi Gwendolyn Brooks alihitimu Wilson Junior College ya Chicago, chuo cha miaka miwili kama chetu, mwaka 1936 na hakuchukua shahada ya miaka minne. Mwaka 1950 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, kwa ushairi.

Wengine wanahofia krediti, yaani vipimo vya kozi walizofaulu, kupotea wakihamia chuo kikuu. Hupotea kwa asiyeuliza mapema. Kwa sheria ya mwaka 2010, California ina shahada ya uhamisho ya krediti 60 inayokuhakikishia nafasi katika mfumo wa California State University, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitamani. Muone mshauri muhula wa kwanza, usingoje wa mwisho. Na tafadhali, usitupe silabasi hata moja! Chuo unachohamia kinaweza kuidai kabla ya kuikubali kozi yako.

Binti yule amejiandikisha. Tunaanza na hadithi fupi, nami nimemwomba aisome nyumbani kwa sauti, mama yake akimsikiliza.