Je, wajua kwa nini hupati tailizi za pembe tano?

Ukizunguka maduka ya ujenzi hapa Malindi utakuta tailizi za mraba, za mstatili, na hizi za pembe sita ambazo siku hizi watu wanazipenda sana bafuni, ila ya pembe tano, ile yenye pande zote sawa, huioni. Mbona?

Siri iko pale kona zinapokutana. Chukua nukta moja sakafuni, kuizunguka yote ni digrii 360, kwa hiyo kona zinazokutana hapo lazima zifike 360 kamili, zikipungua panabaki tundu, zikizidi moja inampanda mwenzake. Mraba una kona za 90, nne zinatosha. Pembetatu ya pande sawa ni 60, zinaingia sita. Pembe sita ni 120, tatu basi. Sasa pembe tano kila kona ni 108, ukiweka tatu unapata 324, inabaki nafasi ya 36 ambayo haiingii kitu, na ukilazimisha ya nne ushafika 432. Kuanzia pembe saba kwenda juu kila kona imepita 120, hata tatu hazienei. Ya pembe nane inasaidiwa na mraba mdogo pale katikati (135 mara mbili, jumlisha 90), na ni sakafu nzuri kweli.

Lakini hayo ni ya maumbo yenye pande na kona sawa. Pembe tano isiyo sawa inaweza, mfano ule wa mraba wenye paa juu yake. Miaka ya 1970 Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa San Diego kule Marekani, hesabu yake ikiwa ni ya sekondari tu, alisoma habari hii kwenye jarida akaanza kuchora jikoni kwake, na akagundua aina nne mpya ambazo wataalamu hawakuwa nazo! Mwaka 2017 Michaël Rao wa Ufaransa akathibitisha kwamba zisizobonyea ndani ziko aina 15, basi.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni umbo la pande nne. Kata lolote kwenye katoni, hata liwe halina usawa vipi, mradi pande zimenyooka, chora nakala nyingi, litajaza meza nzima bila tundu, manake kona zake nne siku zote jumla ni 360. Ila kila jirani umgeuze nusu mzunguko, upande ugusane na upande uleule wa mwenzake.

Na ukitaka umbo la kwako mwenyewe, anza na mraba. Upande wa kushoto kata unachotaka, wimbi, pua, mkia, kisha kipande hicho usikigeuze, kisukume moja kwa moja mpaka upande wa kulia ukibandike na selotepu, halafu fanya vivyo hivyo juu na chini. Palipoingia ndani huku pametokeza kule, kwa hiyo jirani lazima akae. Zile kabro za meno meno ndio hesabu hiyohiyo. Mchoraji M.C. Escher wa Uholanzi alienda kuchunguza kuta za kasri la Alhambra, Uhispania, mwaka 1922 na tena 1936, na kwa mbinu za namna hii akajaza karatasi ndege, samaki na mijusi. Wape watoto katoni na makasi, waanze na samaki, kata moja tu kila upande inatosha.